Gemu Niliyoisugua kwa Ukwaju

Mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule nikaiacha darasa la pili. Nikawa nasugua shaba katika nyumba za mji, masinia na madele ya kahawa, kwa ukwaju na jivu. Kutengeneza redio nilijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua. Sikufundishwa na mtu.

Miaka ya tisini gemu za mkononi zikaanza kuletwa kutoka Arabuni, zile za kijivu, matofali yanashuka nawe wayapanga. Ya kwanza niliyopewa kutengeneza ilikuwa ya bibi mmoja wa mtaani aliyekuwa akikaa eda. Mumewe kafa, hatoki, na mwanawe kamletea gemu imliwaze. Hewa ya chumvi ikala vyuma vya betri. Nikasema kutu ni kutu. Nikavisugua kwa ukwaju, vikang'aa kama dele, nikairudisha kwa majivuno.

Siku ya tatu nikaitwa. Gemu imekufa, vyuma vimeota ukijani. Ukali wa ukwaju ulibaki ndani. Nikasimama dakani, kwenye baraza ya mlango wa nje, yeye nyuma ya mlango.

"Fundi, nilikupa gemu au sinia?"

"Niwie radhi, Bi."

"Radhi haichezeki. Nimebakiwa na miezi miwili na kuta hizi. Wanaokuja kunihani wote nitawaambia nani kaniulia mwenzangu."

Hapo niliogopa. Mimi cheti sina, nina jina tu. Likiharibika, narudi kwenye masinia.

Nikaifungua upya. Nikaiosha kwa maji ya mvua, nikaikausha kivulini siku mbili. Vyuma vilivyolika nikavitupa, nikakata vingine kutoka tochi mbovu. Ikalia. Nikaipeleka, nikasikia milio nyuma ya mlango, kisha yeye: "Nyamaza, utanikosesha!" Nami sijasema neno.

Eda ilipokwisha alipita dukani kwangu, akaiweka mezani. "Chukua. Mimi sasa natoka."

Maneno yake yalitembea. Wakaja watu wa Mbwajumali, wakaja wa Kiunga. Zikaja gemu za rangi, za kaseti, za kuchaji, nimezifungua zote. Siku hizi wanachezea simu, na simu nafungua.

Leo nina nyumba ya mawe, duka, minazi arubaini, punda wawili na gemu moja ya kijivu. Ingali yalia.