Breki za Mbio na Breki za Mama

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Julai ambayo haijanitoka mpaka leo, ingawa nywele zangu zimekuwa nyeupe na magoti yananisumbua nikiinama chini ya gari. Nakusimulia kwa sababu jana ulikuja gerejini kwangu hapa Njoro na boksi la pedi za breki za mbio mkononi, macho yanang'aa, ukataka nizifunge kwenye gari lile lile unalopelekea watoto shule. Sikukukatalia. Nilikuambia urudi leo. Basi kaa kwanza, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kwetu Kibosho, juu mlimani, mama alikuwa akikusanya maziwa ya majirani, na mimi nayashusha mjini kila asubuhi kwa pikapu ndogo aliyotuachia marehemu baba. Pikapu hiyo hiyo ndiyo niliyoingia nayo kwenye mashindano ya magari kule tambarare, upande wa Kahe, ambako madereva walikuwa wamechonga njia ya mzunguko kwenye uwanja wa vumbi. Wanaume wakaniita Dada Maziwa. Nililichukia jina lile, na sikufichi, lilinifanya nikanyage mafuta zaidi.

Shindano la kwanza nilikimbia na pedi za kawaida. Mzunguko wa nne zikaanza kunuka, wa tano zikatoa moshi. Nikikanyaga pedali naikuta ngumu kama jiwe, lakini gari halipungui mwendo. Nikaipitiliza kona nikaishia kwenye majani, watu wanacheka. Nilikaa wiki nzima nimenuna, kisha nikatafuta pedi za mbio kwa dereva mmoja wa Arusha, na shindano lililofuata nikazifunga mwenyewe. Mwanangu, zile zilikuwa breki! Kadiri zilivyopata moto ndivyo zilivyozidi kushika. Jumamosi ile nilimaliza wa pili, nikapanda mlimani nikiimba.

Sikuzitoa. Kwa nini nizitoe? Nilijiambia, breki iliyonisimamisha kwenye mbio itashindwaje na barabara ya kwenda sokoni?

Zilinionya, ila sikutaka kusikia. Jumatatu zilipiga kelele kila nikizigusa, na mama, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaniuliza, "Ndeshi, mbona gari linachelewa kusimama?"

Nikamjibu kwa majivuno, "Mama, hizi ni breki za wanaojua kuendesha."

Jumanne kukawa na ukungu na manyunyu, baridi ya kule kwetu unaijua. Tulitoka nyumbani na madumu ya maziwa nyuma, mama kando yangu. Hatujafika mbali, kwenye mteremko ule kabla ya daraja, nikamwona jirani yetu Bibi Ndeanka akivuka barabara taratibu, mkungu wa ndizi kichwani. Nikakanyaga breki. Gari likaendelea. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, gari likaendelea kama vile sijagusa kitu. Mama hakupiga kelele. Alilitaja jina langu tu, kwa sauti ndogo, na sauti ile naisikia hadi sasa.

Nikakata usukani kushoto. Tukavunja ua wa mimea ya masale wa bibi yule, tukalala kwenye mfereji wa maji wa shambani kwake. Maziwa yote yakamwagika. Mama aliumia goti. Bibi Ndeanka aliutupa mkungu wake akatukimbilia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmeumia, wanangu?" Mtu niliyekaribia kumuua ndiye aliyenishika mkono kunitoa ndani ya gari.

Aliyekuja kulivuta lile gari ni Mzee Elinami, fundi aliyewahi kuendesha malori miaka mingi, ambaye mji mzima ulimheshimu kwa kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limekuwaje?"

"Breki zimekataa."

Alifungua gurudumu la mbele, akaitoa pedi, akaigeuzageuza mkononi mwake, kisha akanitazama. "Hizi umezifunga lini?"

"Ijumaa, kwa ajili ya mbio."

"Mbio ziliisha lini?"

"Jumamosi."

"Na leo ni Jumanne." Akanipa ile pedi niishike. Ilikuwa ya baridi kabisa. "Breki hazijakataa, binti. Hizi zimetengenezwa zishike zikiwa za moto. Wewe umezipeleka kwenye ukungu, ukampakia mama yako, ukazitaka zishike zimelala. Mkono wako ni mwepesi, nimesikia. Lakini bado hujawa dereva. Dereva anajua kesho asubuhi atambeba nani."

Nililia pale pale mbele ya watu. Jioni nilichukua jani la isale, mmea ule ule wa ua, nikaenda kwa Bibi Ndeanka kuomba msamaha, kama desturi yetu ilivyo, na wiki ile nzima nikapanda upya ua wake kwa mikono yangu. Kisha nikashuka Njoro kwa Mzee Elinami nikamwomba anifundishe.

Nilikaa kwake mwaka mzima. Alinifundisha kwamba kila pedi ina kiwango chake cha joto, inapoanza kushika na inapochoka, na kwamba hakuna pedi moja inayoweza yote. Alinifundisha kutofautisha: pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, pedi zimezidiwa na moto; pedali ikizama hadi chini, huenda ni mafuta ya breki yamechemka, na hapo hata ubadilishe pedi mara kumi hujatibu kitu. Tulifunga pedi za aina hii na ile, tukashuka mteremko ule ule, asubuhi kukiwa na baridi na mchana kukiwa na jua, yeye kando yangu ameshika kofia yake, mpaka mguu wangu wenyewe ukajua.

Mwaka uliofuata nikarudi Kahe. Safari hii mama alikuja kuniangalia. Nilishuka na pedi za kawaida, nikafika uwanjani, nikapiga jeki, nikazitoa nikafunga za mbio. Wale wanaume walisimama wakinitazama, na hakuna aliyecheka. Nikakimbia. Mwanangu, nilishinda, tena kwa pikapu ya maziwa.

Lakini hicho sicho ninachojivunia zaidi. Wakati wa kutoa kombe waliita jina langu, sikuonekana. Wakaita tena. Nilikuwa chini ya gari, mikono myeusi, pedi zikiwa bado zinachoma vidole, nazitoa. Mtangazaji akauliza kwa kipaza sauti mshindi amekwenda wapi. Ndipo Mzee Elinami, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasimama katikati ya watu akasema kwa sauti kubwa, "Msubirini! Anafunga breki za mama yake."

Uwanja mzima ulinisubiri. Kombe lenyewe sijui liko wapi siku hizi. Sentensi ile ninayo.

Sasa nakwambia wewe. Kama kweli unataka mbio, uwe na pedi seti mbili. Za mbio zifunge uwanjani, uzitoe uwanjani kabla hujamwita mtu yeyote apande. Kama unaona kubadilisha ni usumbufu, na uwanjani unakwenda mara chache, basi chagua zile zilizotengenezwa kwa kazi zote mbili. Zitapiga kelele kidogo na rimu zitachafuka vumbi, zivumilie. Na ukiona zinaanza kunuka katika mbio, punguza mwendo uzipumzishe, kwa sababu nazo zina mwisho wake. Usichague kwa rangi ya boksi wala kwa sifa za rafiki. Soma zinaanza kushika katika joto gani, kisha ufikirie asubuhi ya Julai. Mafuta ya breki yawe mapya. Na pedi zikiwa mpya zizoeshe diski zake kwanza: tafuta barabara tupu, kimbia kiasi, punguza bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa, kisha uendeshe polepole zipoe.

Hilo boksi lako nitalifungua, na nitakufundisha kuzifunga na kuzitoa mwenyewe, leo hii. Nakuona una mguu wa dereva, na ninajivunia kuwa umekuja kwangu.

Mungu akupe mwendo unaoutaka, mwanangu, na akupe kusimama kila unapotaka kusimama. Wote unaowabeba wafike, na wote unaowakuta barabarani warudi makwao.