Asante ya Mwalimu Waiswa

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo usingizi hunipotea, na mimi sasa ni bibi kizee wa kuletewa maji ya kutawadha. Jana ulikuja hapa kwangu Nkoma, Mbale, umenuna, ukasema wateja wa hoteli yako hawana shukrani. Wali ukiwa mzuri wanakula, wanafuta mdomo, wanaondoka. Ukiungua kidogo tu, mtaa mzima unasikia. Nilikusikiliza mpaka mwisho, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe nikiwa na umri wako, na nusura yamuue mtu. Kaa basi nikwambie. Na hiyo simu izime.

Nilikuwa Jinja, mtaa wa Walukuba, kwa shangazi yangu Mariamu, miaka ile ya utawala wa jeshi. Shangazi alikuwa na hoteli ndogo ya meza tano, chai na mandazi asubuhi, ugali wa posho na maharagwe mchana. Wateja walikuwa watu wa viwandani na walimu. Mpishi wa chai nilikuwa mimi. Naamka mapema, nawasha mkaa, nakanda unga, na sukari yenyewe ilikuwa imeadimika kabisa. Shangazi akipata kilo moja kwa kujuana na watu, tunaigawa kwa kijiko cha dawa. Wallahi nilijitahidi. Na mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyeniambia asante.

Badala yake nilikuwa na Mwalimu Waiswa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suruali ya viraka, akifundisha hesabu shule ya msingi. Kila asubuhi anakaa meza ya dirishani, anaonja, anaanza. Chai nyepesi. Chai imepoa. Mandazi haya ya juzi. Anasema kwa Kisoga, lugha ya wenyeji, kwa sauti ile ile ya darasani, watu wanacheka, shangazi anacheka, anambadilishia kikombe. Mimi sikucheka. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Nikamwuliza shangazi kwa nini asimfukuze mtu huyu.

"Zaina," akanijibu, "huyo anakuja kila siku. Unadhani haoni hoteli nyingine?"

Sikuelewa, au tuseme sikutaka kuelewa.

Sasa, lazima nikueleze jambo moja. Kiswahili hiki tunachozungumza mimi na wewe bila kuwaza, siku zile watu mjini walikiogopa. Ndicho ulichosikia kwenye vizuizi vya barabarani, ndicho ulichosikia mlango wako ukigongwa na mtu mwenye bunduki. Mtu akikisema hotelini, watu wanaacha kukoroga chai. Lakini kwetu sisi, nyumba ya Waislamu, nilikua nacho, na nikikasirika hicho ndicho kilichonitoka kwanza. Shangazi alinionya mara nyingi, ndani ya hoteli sema Kisoga. Nikawa nasahau.

Asubuhi ninayokuambia, meza ya pembeni alikaa mwanamume tusiyemjua. Shati la maua, miwani myeusi, viatu vipya. Viatu vipya, wakati ule! Tulijua ni mtu wa kazi gani, mpelelezi wa serikali, na kila mtu akainamia kikombe chake. Mwalimu aliingia baadaye, akakaa akimpa mgongo, hakumwona. Akaonja chai yake, akasema kwa Kisoga kwamba leo hata sukari ya kumdanganya mtoto haimo. Yule mtu hakujua Kisoga, aliendelea kunywa. Mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeungua mkono kwa mafuta, nimechoka, nimechoka na Mwalimu hasa, nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumwaibisha.

"Mwalimu, kama sukari haikutoshi, nenda ukailalamikie serikali, si mimi!"

Yarabi! Nilipomaliza tu kusema nikaona uso wa shangazi. Yule mtu akaweka kikombe chini, taratibu.

"Nani hapa nalalamika juu ya serikali?"

Akanitazama mimi. "Wewe, dada. Nani?"

Sikumtaja, mwanangu, naapa sikumtaja. Lakini macho yangu yalimwendea Mwalimu, na hiyo ilitosha. Yule mtu akainuka, akamshika ukosi wa shati bila hata kukasirika. "Twende, bwana. Huko kwetu sukari iko mingi." Gari lilikuwa nje. Mwalimu akatoka naye, na mfuko wake wa vitabu ulibaki juu ya kiti.

Waliochukuliwa namna ile wengi hawakurudi, na sisi tuliokaa karibu na mto tulijua kwa nini, maana tuliona maiti zikielea. Mchana wake akaja mke wa Mwalimu na watoto wawili. Nilingoja anitukane, anipige kofi, nilitamani anipige. Aliniuliza tu kama mumewe alikuwa amekula chochote kabla hajaenda. Nikasema ndiyo, andazi moja. Akashukuru, akaondoka. Tangu hapo kila gari lililopunguza mwendo nje nilijua linanifuata mimi, au shangazi. Nilikuwa naogopa hadi kumwita mtu kwa jina.

Siku ya tatu shangazi alivaa gauni lake la Idi, akaenda peke yake kwenye kambi ya jeshi alikopelekwa Mwalimu. Kulikuwa na afande mmoja huko ambaye kila siku alitumiwa chai na chapati kutoka kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwake.

"Afande," akamwambia, "yule mwalimu hakulalamikia serikali. Alilalamikia chai yangu. Ni mbaya, na mpishi wangu hajui kazi. Kama yuko wa kufungwa, nifunge mimi ninayeiuza."

Afande akacheka. Shangazi alituambia kicheko kile kilimwogopesha kuliko bunduki zilizokuwa mlangoni. "Kweli, mama," akasema, "chai yenu mbaya sana. Mimi nakunywa, nanyamaza tu."

Kesho yake wakamwachia Mwalimu.

Alikaa nyumbani majuma mawili. Asubuhi aliyorudi hotelini, meno mawili ya mbele hayakuwepo, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Akakaa meza ile ile ya dirishani. Nilikimbilia jikoni, nikachota sukari ya watu wanne, hata ya kesho, nikamkorogea, nikampelekea kwa mikono miwili. Alikunywa yote. Akainua uso, lakini hakunitazama machoni.

"Asante sana, dada," akasema. "Chai nzuri sana."

Kwa Kiswahili. Tangu nimjue hakuwahi kuniambia hata neno moja la Kiswahili. Akaondoka. Nikachukua kikombe, na sijui kwa nini, nikaonja tone lililobaki chini. Chumvi! Kwa haraka ile nilichota kwenye mkebe wa chumvi, na yule mtu aliyekuwa akigomba kwa sababu ya andazi la juzi alikunywa kikombe kizima cha chumvi akanishukuru.

Nikampa shangazi kikombe. Akaonja, akatema. "Haya," akasema, "asante yako umeipata."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Mwalimu aliendelea kuja, na kila siku aliniambia asante, na kila siku niliingia jikoni kulia. Kisha vita vya kuiangusha serikali ile vikaja. Yeye na familia yake wakakimbilia kijijini Budondo kwa wazazi wake, sisi tukakimbilia huku Mbale, na sikumwona tena. Sikuwahi kumwomba radhi. Hilo nitaulizwa mbele ya Mungu, na ninaogopa.

Vita vilipokwisha tulianza upya hapa Mbale, chai barazani, viti vya kuazima. Siku moja dereva wa lori kutoka Kenya akaonja, akakunja uso. "Mama, hii ni chai ama maji ya kuoshea vyombo?" Nikaangua kilio mbele ya watu. Maskini, alishtuka, akaniomba msamaha, nikamwambia hapana baba, sema, sema tena. Nikampikia nyingine.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mtu akila chakula kizuri anawaza safari yake, watoto wake, kazi yake, kama wewe usivyokishukuru kiatu kisichokubana. Hiyo ni haki yake. Anayegomba anakuamini. Anajua unaweza kupika vizuri zaidi, na anajua hutamdhuru akisema. Mbadilishie sahani, umwulize kesho yake kama leo ni afadhali, na usimjibu kwa hasira mbele ya watu, hata siku moja. Lakini ukimpa mtu wali ulioungua, akaumaliza, akakushukuru akitazama chini, hapo usifurahi. Kaa naye, umwulize kwa upole anaogopa nini, na kama ni wewe anayekuogopa, mwombe radhi siku hiyo hiyo.

Nenda salama. Mungu akujaalie wateja wenye midomo, wapige kelele mpaka majirani wachoke, na akuepushe na asante niliyopewa mimi. Amina.