Siku Niliyomshtaki Pasta kwa Dunia Nzima

Wacha nikiri mapema ndio tusizungushane: mimi ndiye yule dada wa Kikima. Kama uliisikia hii stori kwa mtu mwingine (na huku Mbooni nani hajaisikia, hata mama wa parachichi sokoni aliniuliza kwa upole kama siku hizi nalala vizuri), ulisikia nusu tu, tena ile nusu yenye heshima. Hii hapa ndiyo nzima.

Kazi yangu kanisani ni kukaa benchi la nyuma kabisa na kompyuta, nikirusha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta. Hakuna anayekushukuru kwa hiyo kazi, ila siku ubeti wa tatu ukitangulia wa pili, kanisa zima linageuka kukuangalia kama umeiba sadaka. Programu tunayotumia haiuzwi. Imetengenezwa na watu kama mimi, wa benchi la nyuma, wako Ujerumani, wako Brazil, wako Ufilipino, na wao wenyewe ndio wanaitunza. Ukiona kasoro unaandika kwenye baraza lao la mtandaoni, anayejua kurekebisha anarekebisha, na asiyejua (ndiye mimi) anajaribu matoleo mapya na kupiga kura. Ni mwethya kabisa, ile ya hapa kwetu ya kuamka pamoja kuchimba matuta kwa shamba la jirani, tofauti ni kwamba huku hakuna uji.

Sasa Pasta wetu, Pasta Musyoki, ni mtu wa Mungu, hilo sibishani nalo. Lakini akipanda mimbarini, wewe sahau mambo ya chakula cha mchana. Ndipo jioni moja, nikiwa na njaa ya Jumapili nzima, nikaomba kwenye lile baraza watutengenezee saa ndogo, ya kumwonyesha mhubiri dakika zilizobaki. Sheria ya baraza ni kwamba ukiomba kitu kipya ueleze shida yako kwa mfano wa kweli, na uweke jina na mahali ulipo, ndio watu wajue si mchezo. Mtu mwenye akili angeandika "mahubiri yetu ni marefu kidogo" akaenda kulala. Mimi nikaandika insha. Nilitaja majina. Nilikuwa mcheshi ajabu siku hiyo, na watu wa nchi kumi hivi wakanijibu wakicheka na kusema hata wao, hata wao, na mimi nikalala nikijiona mwandishi.

Nikasahau. Miezi ikapita, Kioko akanichumbia, mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, wakaletwa nyumbani kwetu kama desturi inavyotaka, na tukafika ile hatua ya harusi kutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Baada ya tangazo la tatu Pasta anasaini fomu. Bila sahihi yake hakuna harusi, na yetu ilikuwa imebakisha wiki mbili, hema limeshalipiwa. Mama yake Kioko alitoka Kitui alfajiri ya Jumapili hiyo ya tatu kuja kusikia kwa masikio yake, akakaa benchi la mbele na kitambaa kipya kichwani.

Nyimbo zilienda vizuri. Halafu Mzee Mbithi, mzee wa kanisa, akaanza maombi, na maombi ya Mzee Mbithi hupitia kila kaunti ya Kenya kabla ya kufika Makueni. Alipokuwa bado Turkana, macho yote yakiwa yamefumbwa (isipokuwa yangu, na Mungu aliniona), ujumbe ukatokea kwenye kompyuta: toleo jipya limefika, lina saa ya mhubiri. Saa yangu! Nikabonyeza "Weka". Kidole kimoja, mara moja. Programu ikajifunga, ikajisasisha kwa bando la simu yangu, ikamaliza wakati mzee anasema amina.

Pasta akasimama kwa matangazo, akatabasamu. "Ndinda, tuwekee lile tangazo lako tuone."

Nikafungua programu.

Kumbe ikifunguka mara ya kwanza inaonyesha ukurasa wa shukrani. Na kumbe kuna Mtanzania mmoja mwema, Mungu ambariki, aliyejitolea kutafsiri kila kitu kwa Kiswahili safi. Laiti angeiacha kwa Kiingereza, nusu ya wazee wangeipita bila kuielewa. Lakini hapana. Ukutani, kwa herufi za kusomeka hata na aliye nje kwenye choo, kukatokea hivi: "Shukrani za pekee kwa dada Ndinda wa Kikima, Makueni, Kenya, aliyetuomba saa ya mhubiri. Ametueleza kwamba mchungaji wake husema 'namalizia' mara saba kabla ya kumaliza, kwamba mzee wa kanisa aitwaye Mbithi hukoroma kuanzia 'namalizia' ya tatu, na kwamba watoto wanaoingia ibadani wakitambaa hutoka wakitembea."

Nikatafuta pa kuifunga. Ukurasa haufungiki mpaka uushushe hadi chini kabisa, upite marekebisho yote moja baada ya lingine, ubonyeze "Nimesoma". Na unajua nani alipiga kura iwe hivyo? Nani aliandika barazani kwamba watumiaji ni wavivu, hawasomi, walazimishwe? Basi.

Nikaona dawa ni kung'oa waya wa projekta. Nikang'oa, maiki ikazima. Nilikuwa nimeng'oa waya mwingine. Sasa kanisa likawa kimya kabisa, na katika huo ukimya mama yake Kioko, ambaye hakuja na miwani, akamuuliza jirani yake kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Wameandika nini juu ya msichana wetu?" Na jirani, mama mwenye roho safi, akamsomea. Yote. Polepole, na alama za kituo.

Pasta alikuwa ameupa ukuta mgongo. Aliona tu watu wameinama, mabega yanaruka, akadhani ni furaha ya harusi. "Furahini," akasema, akipaza sauti kwa sababu maiki imekufa, "hii ni siku ya kufurahi! Na kama kuna mtu ana pingamizi, asimame sasa."

Mzee Mbithi akasimama.

Nilisikia Kioko akivuta pumzi kutoka upande wa wanaume.

"Pasta," mzee akasema, "mimi na hawa watoto sina maneno. Waoane. Maneno iko na hiyo ukuta nyuma yako."

Pasta akageuka. Akaweka mikono nyuma, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Ndinda, shusha chini."

"Pasta, nilikuwa nataka kuitoa, imekataa, ni hii waya..."

"Shusha tu, mwanangu. Nasoma."

Nikashusha. Alisoma kila neno, hata marekebisho ya rangi za herufi, mpaka kitufe kikatokea nikakibonyeza. Kisha akafungua Biblia, akahubiri dakika kumi na moja, akakaa. Dakika kumi na moja! Kwaya ilikuwa bado nje. Chai ilikuwa haijachemka. Ungedhani tungeshangilia, lakini tulikaa pale tukiangaliana kama watu walioletewa habari ya msiba, na wengi wakiniangalia mimi.

Akaniita ofisini. Fomu ilikuwa mezani. Nilianza kuomba msamaha nikiwa bado mlangoni, akaniinulia mkono ninyamaze, akachukua kalamu, akasaini. Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kulia, sasa nikakosa pa kuanzia.

"Hao watu uliwaandikia," akasema, "wananijua?"

"Hapana, Pasta."

"Lakini walikusikia wakakusaidia. Ni watu wazuri." Akafunika kalamu. "Na mimi? Umekaa huko nyuma miaka minne. Ungeniambia, ningekufanya nini?"

Nikaichukua fomu, nikaikunja mara mbili.

"Kuna wamama wanatoka kule bondeni kwa miguu," akasema. "Wanaamka, wanakamua, wanapikia watoto, ndio waanze kupanda mlima. Nikimaliza mapema wanapata tumetoka. Kwa hivyo mimi huhubiri nikiangalia mlango. Nikiona mmoja ameingia, narudia kidogo, apate kitu ya kurudi nayo."

Miaka minne, jamani. Miaka minne nimekaa karibu na ule mlango, nikihesabu anavyosema "namalizia", na sikuwahi kuona kwamba kila moja ilikuwa na mama anayeingia akifuta jasho. Niliona aibu ambayo ule ukuta haukuwa umenipa.

Tulioana. Pasta alitufungisha ndoa na kuhubiri kwa dakika kumi na nane, wageni wa Kitui wakasema ndiye mhubiri mzuri kuliko wote waliowahi kutokea, na mama mkwe mpaka leo akinitambulisha kwa watu anasema, "Huyu ndiye wa ile barua." Mzee Mbithi amenisamehe, isipokuwa hajawahi tena kufumba macho akiwa upande wangu. Barazani niliandika maelezo mapya, ya heshima, kuhusu wamama na mlango, na nikaapa kwamba shida yangu na mtu nitaipeleka kwa huyo mtu kwanza, kabla ya Ujerumani.

Lakini Pasta hajarudia mahubiri yake marefu ya zamani. Nimemwomba mara mbili. Anasema saa imesema, na anatabasamu bila ubaya wowote, jambo linaloniumiza zaidi. Ibada inaisha mapema, watu wanafurahi, wanaenda kula. Na wamama wa bondeni wakifika wanakuta viti vinapangwa, wanakaa na mimi benchi la nyuma na kuniuliza leo alisema nini, na mimi inabidi nifunge kompyuta niwaeleze. Jumapili iliyopita nilichukua dakika hamsini.