Ukarimu wa Wenye Maduka

Wiki jana niliketi kwenye mkutano wa wafanyabiashara hapa Nyeri. Ofisa wa mipango alitundika ramani ukutani, akauliza supamaketi mpya ijengwe wapi. Sijawahi kuona ukarimu kama ule.

Mzee mwenye duka Majengo alisimama, akavua kofia. "Bwana ofisa, sisi tumeshiba. Hiyo peleka Kiganjo. Hao ndugu zetu wako na shida."

Mama mwenye duka Kiganjo akaweka mkono kifuani. "Asante baba, lakini Majengo ndio iko na watu wengi."

Wakaendelea hivyo, kama wageni wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama. Kila mmoja alijua supamaketi ikifunguliwa karibu naye, yeye atafunga. Ofisa akaanza kukunja ramani. Alisema ni bahati mbaya, maana pale supamaketi itakapojengwa ndipo barabara ya lami itakapopelekwa.

Mzee akarudisha kofia kichwani polepole.

"Basi hiyo duka iende Kiganjo," akasema. "Sisi Majengo tutavumilia tu na hiyo lami."

Sisi wanunuzi tulikuwa tumeketi nyuma. Kile kipande cha nyama, hakuna aliyetusukumia.