Kitanda Ndani ya Gari

Fundi seremala alikuwa amejenga kitanda cha watu wawili ndani ya gari lao, ili akistaafu wazunguke nchi na mkewe. Mkewe akafariki kabla hawajasafiri hata siku moja, na gari likabaki uani mwaka mzima.

Ndipo binti yao, mwalimu wa hesabu, alipoomba liwe darasa lake la mtandaoni.

"Baba, kama roho inakuuma, tuache."

Mzee alifungua skrubu moja moja, na mbao za kitanda akazitengenezea meza ya kompyuta.

Siku ya somo la kwanza, binti alimwita asalimiane na wanafunzi.

"Shikamoo babu!" wakasema kwenye skrini.

"Marahaba," akajibu, kisha akatoka haraka akalie uani, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi.