Nani Anawe Kwanza: Miaka Yangu ya Kazi ya Usafi Uvira

Niliingia kazini Jumatatu, tarehe 11 Januari 1960, saa moja na nusu asubuhi, katika ofisi ya usafi iliyokuwa nyuma ya soko la Uvira. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kusoma na kuandika nilikuwa nimejifunza nikiwa na miaka kumi na tisa, katika fuaye, yaani nyumba ambamo wanawake walioolewa walifundishwa kushona, kupika na kusoma. Kwa hiyo siku ile nilipoandika jina langu katika daftari la wafanyakazi, niliandika herufi moja moja, wala sikumruhusu mtu yeyote aniharakishe.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Ajenti wa Usafi, Mbelgiji mwembamba aliyevaa soksi ndefu hata wakati wa jua kali. Alinikabidhi tabliye nyeupe, yaani aproni, daftari, kalamu na chupa ndogo ya permanganati. Vijana wa leo pengine hawajaiona dawa hiyo. Ni chembe nyeusi zinazong'aa, na chache tu zikitiwa katika beseni, maji hugeuka rangi. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba nikiwafundisha akina mama kuloweka nyanya, matunda na mboga mbichi za sokoni kwa dakika kumi na tano, kisha kuzisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

Alinifundisha kwa macho, si kwa kitabu. Alitia chembe mbili majini, akakoroga kwa kijiti, akasema, "Madamu, hii ni rangi ya pera jekundu ukilikata. Ni nzuri. Ikifika rangi ya mbilingani, umeharibu chakula na tumbo la mwenye nacho." Kisha akaokota nyanya moja na kunionyesha. "Hii imeshikwa na mikono kumi kabla haijafika kwako. Hujui ni mikono ya nani."

Maneno hayo niliyaandika siku ileile. Lakini nakiri kwamba kwa miaka minne niliangalia nyanya tu, sikuiangalia mikono.

Uhuru ulipatikana Alhamisi, tarehe 30 Juni 1960. Wiki chache baadaye Bwana Ajenti aliondoka kwa njia ya Usumbura, mji wa ng'ambo ya ziwa, akiniachia ufunguo wa kabati la dawa. Nafasi yake ilichukuliwa na Shefu wa Usafi, Mkongomani mwenzetu, aliyekuwa muganga wa hospitali kabla ya kupandishwa cheo. Alikuwa mtu mwaminifu na mgumu. Alichomeka kalamu ya wino katika mfuko wa shati, na jambo lililokwisha kupita chini ya kalamu ile halikubadilika tena.

Mwaka 1962 alinituma Bwegera, katika bonde la Ruzizi, kwenye mashamba ya mpunga. Nilikaa huko hadi Februari 1964. Nilifundisha kufunika visima na kuchimba vyoo mbali na mifereji, na kazi hiyo ilizaa matunda. Permanganati haikuwa na faida kubwa. Mama mmoja mkulima alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mama, minye muchele naupika na moto. Sasa moto yako haitoshi, mupaka tuongeze rangi?" Wenzake walicheka. Nilimjibu kwa kanuni za ofisi, kwa sauti ya juu. Leo najua kwamba yeye ndiye alikuwa mwalimu siku ile.

Niliporudi nilipewa mtaa wa Kilibula, ambako mimi mwenyewe nilikaa pamoja na mama mkwe wangu kutoka Makobola, wifi yangu, na binti yangu Furaha, aliyezaliwa mwaka uleule wa Uhuru. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za meli. Waasi walipouteka mji, mwezi wa Mei 1964, yeye alikuwa Kigoma na hakuweza kurudi. Nilibaki kichwa cha nyumba, ingawa mama mkwe hakukubali maneno hayo yatamkwe mbele yake.

Ofisi yetu ilibadilishiwa bendera. Shefu hakubadilishwa, kwa sababu hata waasi walihitaji mtu wa kusimamia vyoo vya soko. Asubuhi moja ya Agosti mpiganaji mwenye ndevu alinisimamisha kwenye barieri, kizuizi chao cha barabarani. Aliona chupa yangu ya maji mekundu, niliyoibeba kama mfano wa kuonyesha rangi.

"Mama, hii iko dawa ya masasi?" Aliuliza hivyo kwa sababu waasi walijipaka dawa waliyoamini inageuza risasi kuwa maji.

"Hapana, baba. Iko dawa ya nyanya."

"Nyanya inapigana na nani?"

"Na tumbo yako."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, naye akacheka, kisha akaomba nimpake kidogo kwenye paji la uso, huwezi kujua. Nilimkatalia. Nilimwambia ni mali ya ofisi.

Mvua za Oktoba zilileta kuhara damu. Barabara zilikuwa zimefungwa, sabuni ilikuwa haba, na kutoka pwani yote habari zilikuwa zilezile. Shefu alituita akasoma amri aliyoiandika: kitu chochote kinachotoka sokoni kisiingie jikoni kabla ya kutumbukizwa katika maji ya dawa. Permanganati ilikuwa inakwisha, kwa hiyo tutumie javeli, ile dawa kali ya kufulia nguo nyeupe na kusafishia maji. Tulikuwa na bidoni, yaani dumu, moja tu kwa Kilibula nzima.

"Kitu chochote, Shefu?" niliuliza, nikiwaza dagaa wetu wa ziwani. "Hata ndagala kavu?"

"Chochote ni chochote. Kama ningetaka kuacha ndagala, ningeandika ndagala."

Nilitii. Zaidi ya kutii, niliifanya amri ile kuwa fahari yangu. Akina mama walitumbukiza ndagala, wakawala wakiwa wananuka kama shuka za hospitali. Walitumbukiza unga wa muhogo ukawa uji. Nami nilipita nikiweka alama katika daftari, nyumba kwa nyumba, nani ametii na nani ni mgonjwa.

Kulikuwa na jirani yetu, Mama Riziki, mchuuzi wa mboga. Hakuwa mjinga, alikuwa mtiifu kunishinda. Dada yake alikuwa amempelekea chumvi iliyofungwa katika jani, kikombe kizima, na katika siku zile chumvi ilikuwa haionekani. Aliniita uani kwake.

"Mama Furaha, weye njoo uone. Niliweka chumvi mu maji yako, sawa vile ulisema. Sasa chumvi iko wapi?"

Niliangalia beseni. Jani lilikuwa linaelea, tupu.

"Iko ndani ya maji," nilisema.

"Basi nitapikia maji ya javeli?"

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, "Pika tu! Utakufa, lakini utakufa musafi!"

Wote walicheka isipokuwa Mama Riziki na mimi. Nilifungua daftari nikaandika: chumvi isitumbukizwe. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisahihisha amri ya Shefu, na niliandika herufi moja moja, kama siku ile ya kwanza ya kusaini.

Jumatano, tarehe 18 Novemba 1964, Furaha aliamka akiwa anahara damu.

Sikuelewa. Katika nyumba yangu hakuna jani lililopita mlangoni bila kulowekwa. Nilikuwa nimetumia sehemu yangu ya javeli hadi tone la mwisho, juu ya mihogo yenye maganda, juu ya karatasi ya sukari, juu ya kikapu chenyewe. Mtoto alilala mkekani, macho yameingia ndani, midomo imekauka, na mimi, niliyefundisha mtaa mzima, sikuwa na la kumfundisha mtu.

Kesho yake Mama Zaituni alikuja kumwona mgonjwa. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara Mwislamu, mama wa watu, mwenye ulimi mkali. Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuleta beseni la kunawia kabla mgeni hajaingia, na kama desturi yetu ilivyokuwa, lilianzia kwa mkubwa likashuka kwa wadogo: mama mkwe, kisha mimi, kisha wifi. Wifi alipolifikisha kwa mgeni, Mama Zaituni alirudisha mikono yake kifuani.

"Minye siingize mukono mule. Muniletee birika, munimwangie."

"Tumekukosea nini?" mama mkwe aliuliza. "Maji iko ya kuchemsha."

"Ilikuwa ya kuchemsha. Sasa iko supu ya mikono yenu." Kisha akageuka kumtazama Furaha pale mkekani. "Na huyu ndiye ananawaka wa mwisho, kweli? Anaokota uchafu ya bote, kisha anaweka vidole mu kinywa. Mama Furaha, weye unaosha karatasi ya sukari, na mutoto unamuosha mu maji ya bazee?"

Nilichukua daftari langu, nikaketi kizingitini, nikapitia kurasa zote za mwezi ule. Nyumba ya kwanza, mgonjwa: mtoto wa mwisho. Nyumba ya pili, mtoto wa mwisho. Nyumba ya tatu, kitinda mimba na bibi yake aliyemlisha. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa tarehe, na nilikuwa sijasoma nilichoandika.

Jioni ile Mama Riziki alikuja na fundo dogo la kitambaa. Alilifungua, ilikuwa chumvi. "Hii sikuiweka mu maji yako," alisema bila kuniangalia. "Nilikuficha." Nilichemsha maji ya mchele, nikatia kidogo ya ile chumvi, na tulimnywesha Furaha kijiko kwa kijiko, kwa zamu, wifi, mama mkwe na mimi. Jumapili asubuhi alisema neno moja: "Ndagala." Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Jumatatu Shefu alifika mwenyewe, saa sita mchana, kalamu mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa umeingia katika nyumba ya mfanyakazi wake.

"Mama Furaha, amri yangu hukuitii. Nakuja kuandika."

"Niliitii yote, Shefu. Lakini uandike baada ya kula. Mgeni haandiki na njaa."

Mama mkwe alichukua beseni ampelekee kwanza, kama heshima ilivyotaka. Nikalitwaa mikononi mwake. Nilijua ninachofanya: mkwe kumnyang'anya mama mkwe beseni mbele ya mkubwa wa kazi ni jambo la kumrudisha mtu kwao. Nilimnawisha Furaha kwanza. Kisha wifi. Kisha nikanawa mimi. Mama mkwe alinitazama, halafu, na hilo sitamsahaulia, akazamisha mikono yake. Ndipo nikaliweka beseni mbele ya Shefu.

Aliangalia yale maji. "Mama, unataka ninawe mu maji ya mugonjwa?"

"Yeye ananawa kila siku katika maji yetu, Shefu."

Kabla ya kuwa mkubwa, Shefu alikuwa muganga, na uganga ulikuwa haujamtoka. Aliangalia tena yale maji, akasema kwa sauti ndogo, "Mulete maji ingine." Mama mkwe alisimama, akachukua birika, akammiminia yeye mwenyewe. Tulikula ndagala ambao hawakuonja javeli. Kisha nikamwonyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa, na mwisho nikamwomba jambo moja: javeli iliyobaki iwekwe katika maji ya kunywa, matone machache kwa ndoo, na tungoje nusu saa kabla ya kunywa. Vitu vya sokoni vioshwe kwa maji safi, vinavyopikwa vipikwe vizuri, na kila mtu amiminiwe maji ya kunawa, kwa majivu kama sabuni haiko.

Alitoa kalamu akaifuta amri yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Amri mpya ilianza kwa maneno "Baada ya uchunguzi wangu". Kesho yake nilipita Kilibula na birika badala ya chupa ya rangi, na nilianzia kwa Mama Riziki.

Ugonjwa ulipungua kabla ya mvua kwisha. Sitasema kwamba tuliwaokoa wote. Kuna nyua katika Kilibula ambazo hadi leo napita mbele yake nikitembea haraka. Mume wangu alirudi mwishoni mwa 1965, baada ya waasi kufukuzwa pwani yote, na tuliishi pamoja hadi alipofariki mwaka 1987. Mimi niliendelea na kazi hadi nilipostaafu, tarehe 31 Desemba 1993, chini ya wakubwa wengine watatu, na daftari lile nililitumia kuwafundisha wote.

Basi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotangazwa, Furaha alinijia, naye sasa ni bibi wa watu, akiwa na kikapu cha sokoni na chupa ya javeli. Aliniuliza kama tuloweke nyanya, tupanguse kopo la maziwa, tuache mfuko wa mchele nje kwa siku tatu kama alivyoona katika simu.

"Rudisha javeli kabatini," nilimwambia. "Nyanya zioshe kwa maji safi, sawa na siku zote. Mchele uingize ndani, panya wasiule. Ugonjwa huu unapita katika pumzi, na katika mikono inayopanda usoni. Vaa barakoa sokoni, usisongamane na watu, na ukifika hapa, nawa kabla hujagusa kitu."

"Una hakika, mama?"

"Nilikuwa na hakika pia mwaka 1964, nikakuosha katika maji machafu. Hii ya leo si hakika ya amri. Hii nimeisoma katika daftari langu: tazama kwanza ugonjwa unapitia wapi."

Alicheka, akaenda kuchukua birika. Katika nyumba yangu desturi ni nyingine tangu Novemba ile: maji humiminwa, na mdogo huanza. Kitukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa tayari amenyoosha mikono, akimkaripia bibi yake kwamba anachelewa. Nami, kwa miaka yangu themanini na miwili, nilikunja mikono ya nguo nikangoja zamu yangu, ambayo ni ya mwisho.