Msimu Kaka Amisi Alipotufundisha Kuanguka

Uani kwetu Majengo kulinukia mkaa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, jioni tulipomtazama kaka yangu Amisi kwenye televisheni. Alikuwa kifungua mimba wetu, mchezaji raga wa kulipwa huko Ufaransa, nami nilikuwa msichana wa darasa la tano. Mtaa mzima ulihamia kwetu. Watu walikaa juu ya ndoo, juu ya mawe meusi ya volkano, hata juu ya ukuta. Hakuna aliyezijua sheria. Tulijua tu kwamba Amisi akishika mpira, tunasimama. Akaushika. Akampita mmoja, akamsukuma wa pili, akachanja mbuga pembeni mwa uwanja na kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Tulikuwa bado tunarukaruka pale wapinzani wawili walipomwangukia, na goti lake likapinda upande ambao goti halipindi. Machela ikaingia uwanjani. Papa, baba yetu, akazima televisheni.

Alirudi wakati wa likizo kubwa, akitembea kwa magongo. Madaktari walikuwa wamempasua na kumwambia kwamba kutembea atatembea, lakini raga basi. Alijifungia chumbani, akawa anakula kidogo na kujibu kwa kichwa. Mimi na wenzangu, ambao wazimu wa jioni ile ulikuwa haujatutoka, tulicheza kila alasiri kwenye changarawe nyeusi mbele ya nyumba, kwa mpira alionitumia zamani. Siku moja nilimrukia rafiki yangu Furaha, kichwa mbele. Sauti ikatoka langoni.

“We mutoto, unataka kuvunjika shingo? Kichwa inapita nyuma ya mugongo yake. Rudilia.”

Nikarudia. Amisi akasogea na magongo yake mpaka katikati yetu. “Tena,” akasema. Tulirudia hadi magoti yakatuwaka, na tulikuwa na furaha isiyo na kifani. Papa ndiye aliyekuwa na hofu.

“Amisi, hawa ni mabinti. Watavunjika.”

“Papa, mimi nilivunjika,” Amisi akamjibu. “Acha niwaonyeshe namna ya kuanguka.”

Kabla shule hazijafunguliwa tulicheza na wasichana wa mtaa wa Himbi, kwenye nyasi karibu na ziwa. Tulikuwa hatujawahi kukanyaga uwanja laini namna ile, na tulijirusha kama tumefunguliwa kamba. Mwishoni nilimwangusha msichana wao mkubwa kuliko wote, kichwa nyuma ya mgongo wake. Mpira ukamtoka, Furaha akauokota na kuondoka nao. Amisi akamfuata pembeni kwa kurukaruka, akipiga kelele, mpaka gongo likateleza naye akaanguka kifudifudi. Tukaacha kushangilia, tukamkimbilia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

“Mumeona?” akasema. “Ni vile mutu anaangukaka.”

Hakurudi Ufaransa. Leo wasichana wanaokuja kwake kufundishwa ni wengi, wana viatu vya raga na jezi zinazofanana, na wanacheza vizuri kuliko sisi tulivyowahi kucheza. Wanamwita Papa Amisi, wanamwiga anavyochechemea, naye anajifanya haoni. Nikiwaambia kwamba hapakuwa na mtu wa kumshika akikimbia, wanatazamana na kutabasamu kwa adabu. Siwalaumu. Mimi nilimwona.